Nani aliweka mlango huu? Historia ya mtihani wa shule za biashara

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya. Kazi ya gazeti mnaijua, hasa ukiwa mwandishi mdogo. Ukimaliza habari ya mahakamani unatumwa kwenye mkutano wa waziri, ukirudi mhariri anataka aya mbili zaidi na saa imekwisha. Lakini ukimya wa safari hii una sababu nyingine. Nimekuwa napiga msuli.

Ndiyo, msuli. Nilidhani niliuacha Mlimani siku nilipovaa joho. Sasa kitandani kwangu kuna kitabu kinene kama tofali cha mazoezi ya GMAT, ule mtihani ambao shule nyingi za biashara duniani huutumia kuwachuja wanaoomba kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Nimekirithi kwa mwenzangu wa dawati la uchumi. Yeye alikuwa anakisoma usiku, kurasa zikishafungwa, na majibu yake ya penseli bado yapo pembeni. Nikiona amekosea swali ambalo na mimi nimekosea, nafarijika kidogo.

Juzi mama alinikuta nimekiinamia. Akaniuliza, "Mwanangu, digrii si unayo? Mtihani wa nini tena?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kwa kweli sikuwa na jibu. Tangu darasa la saba tumefundishwa kufanya mitihani, hatukufundishwa kuuliza ilitoka wapi. Mtihani tunauchukulia kama mvua, umeshuka tu. Basi nikafanya kile ninacholipwa kukifanya. Nikachimba. Haya ndiyo niliyoyapata, na naomba uvumilivu wenu, maana safari inaanza mbali.

Mabingwa wa zamani wa kuchuja watu kwa mtihani wa kuandika ni Wachina. Kwa takriban miaka 1,300 walichagua maofisa wa dola yao kwa mitihani, hadi walipoifuta mwaka 1905. Waingereza walichelewa. Hadi katikati ya karne ya 19, kijana wa Kiingereza aliyetaka kwenda kutawala India hakuhitaji mtihani, alihitaji mjomba. Nafasi ziligawiwa na wakurugenzi wa ile kampuni kubwa ya biashara, East India Company, na waliwapa watoto wa ndugu na marafiki. Sheria ya mwaka 1853 ikaufuta mtindo huo. Mwaka 1855 ukafanyika London mtihani wa kwanza wa ushindani wa wazi.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana mambo yote yatakayofuata yako ndani ya mtihani huu mmoja.

Kwenye karatasi ulikuwa haki tupu. Raia yeyote wa himaya ya Uingereza angeweza kuufanya, Mhindi akiwemo. Ila ulifanyika London peke yake. Kijana wa Kalkuta alipaswa kwanza kupanda meli, kulipa nauli, kukaa ugenini akijiandaa, bila kujua kama atafaulu. Halafu angalia alama zilivyogawanywa: Kilatini kilipewa alama 750, Kigiriki 750, Kisanskriti 375 na Kiarabu 375. Mtu anakwenda kufanya kazi India, lakini lugha ya kale ya India ina uzito nusu ya lugha ya Roma!

Mhindi wa kwanza kuushinda alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863, kaka yake mshairi Rabindranath Tagore. Wahindi wakadai kwa miongo mingi mtihani ufanyike pia nchini kwao. Jambo hilo lilikuja kutimia mwaka 1922. Kutoka 1855 mpaka 1922 ni miaka 67. Mtoto aliyezaliwa siku ya mtihani wa kwanza alikuwa mzee.

Mimi hapo nilijifunza jambo moja. Ukitaka kujua kama mtihani ni wa haki, usianze na maswali. Anza na mahali unapofanyika, nauli ya kufika huko, na lugha iliyotumika.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, maana GMAT ni mtoto wa huko.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, wanasaikolojia walilishawishi jeshi liwapime askari akili kwa karatasi. Wakapimwa kama watu milioni 1.7. Vipimo hivyo vilikuwa na vituko. Kimojawapo kiliuliza kuhusu mcheza besiboli maarufu na kuhusu chapa ya mafuta ya kupikia. Kijana mhamiaji aliyeshuka melini juzi kutoka Italia, asiyejua besiboli ni nini, alihesabiwa kuwa na akili kidogo.

Mmoja wa waliofanya kazi ya kuchambua matokeo hayo alikuwa Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1923 alichapisha kitabu akidai matokeo yanaonyesha kwamba baadhi ya jamii zimezaliwa na akili zaidi ya nyingine. Miaka mitatu baadaye, Juni 1926, ulifanyika kwa mara ya kwanza mtihani alioongoza kuutengeneza, SAT, wa kuingilia vyuo vya Marekani. Waliufanya watahiniwa 8,040. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe akakiri kwamba hitimisho la kitabu chake halikuwa na msingi. Kitabu alikikana, lakini mtihani ulishaota mizizi.

Ukaja mwaka 1944. Serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kuwasomesha askari waliorudi vitani. Zaidi ya milioni mbili wakaenda vyuoni kwa fedha hizo. Watoto wa wakulima, wa makuli, wa wachimba makaa ya mawe, watu ambao baba zao hawakuwahi kukanyaga ua la chuo. Mwaka 1947 ikaundwa Educational Testing Service, au ETS kwa kifupi, taasisi ya kutunga na kusimamia mitihani ya namna hii.

Shule za biashara zilikuwepo tayari. Wharton ilianza mwaka 1881. Harvard ilianzisha MBA mwaka 1908. Lakini zilizoea kupokea vijana wachache kutoka vyuo wanavyovijua, wenye barua za maprofesa wanaowajua. Sasa kabatini kuna lundo la maombi. Huyu amepata A chuo kikuu cha jimbo fulani, yule amepata B chuo kingine. Je, A ya huku na B ya kule ipi nzito? Mpokeaji wa maombi hajui.

Mwaka 1953 wawakilishi wa shule tisa wakakubaliana kutafuta kipimo kimoja, wakishirikiana na ETS. Shule zenyewe ni Columbia, Harvard, Northwestern, Rutgers, Seton Hall, Chicago, Michigan, Pennsylvania na Washington ya St. Louis. Mtihani wa kwanza ukafanyika Februari 1954. Mwaka huo wa kwanza ulifanywa mara zaidi kidogo ya 2,000. Jina la GMAT lilikuja mwaka 1976.

Mnaona? Hakuna aliyekaa chini akasema, "Tutafute nani atakuwa mfanyabiashara bora." Swali lao lilikuwa dogo zaidi: tuna watu wengi kutoka vyuo tofauti, tuwalinganisheje? Mtihani ulizaliwa kurahisisha kazi ya wachaguaji. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliouvika joho la kupima akili.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Nani aliyenufaika na kipimo kimoja? Si yule mwenye mjomba. Mwenye mjomba hakuuhitaji. Aliyenufaika ni yule wa chuo kisichojulikana, ambaye sasa alikuwa na namba ya kuweka mezani na kusema, "Nilinganisheni." Hilo si jambo dogo. Mtu ambaye hana anayemjua, namba ndiyo inayomtambulisha.

Ndani ya mtihani kuna nini? Nitawapa mfano wa aina ya swali lililonivutia kuliko yote. Nimelitunga mwenyewe, msiniletee polisi.

Mama ntilie aliuza sahani ngapi za chakula leo?
Taarifa ya 1: Kila sahani aliiuza shilingi 1,500.
Taarifa ya 2: Jioni alikuwa amekusanya shilingi 90,000 za chakula.

Hutakiwi kukokotoa. Unatakiwa kusema kama taarifa ya kwanza peke yake inatosha kujibu, au ya pili peke yake, au zote mbili kwa pamoja, au kila moja yenyewe, au hata zote hazitoshi. Hapa jibu ni zote mbili kwa pamoja. Ukijua bei bila mapato huna kitu, na mapato bila bei vilevile.

Nilipokutana na swali hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Hili ndilo swali ambalo mhariri wangu huniuliza kila jioni! "Kijana, ulichonacho kinatosha kuandika, au unakisia?" Kwa hiyo siwezi kusema mtihani huu ni upuuzi. Kujua kama ushahidi ulionao unatosha ni stadi ya kweli, iwe sokoni, mahakamani au chumba cha habari.

Lakini stadi hiyo haikutosha kwa kila mtu. Fikiria binti wa Kimarekani mwaka 1954, amekaa kwenye mtihani ule wa kwanza, akawapita wavulana wote wa ukumbi ule. Angeingia Harvard kusoma MBA? Asingeingia. Harvard Business School, moja ya zile shule tisa, ilianza kupokea wanawake katika programu kamili ya miaka miwili mwaka 1963, na walikuwa wanane. Kwa miaka tisa binti angeweza kushinda mtihani na bado akakuta mlango umefungwa. Namba haina nguvu kama mwenye mlango ameshaamua sura anazozitaka.

Kisha lipo suala la lugha, na hapa linatugusa sisi moja kwa moja.

Oktoba 1994 GMAT iliongeza sehemu ya kuandika: insha mbili, dakika 30 kila moja. Katika moja ulitoa maoni yako juu ya jambo fulani. Katika nyingine ulipewa hoja fupi yenye matundu, kwa mfano ya meneja anayetaka kufungua tawi jipya kwa sababu zisizosimama, nawe ukaonyesha matundu yako wapi. Mwaka 1997 mtihani ukahamia kwenye kompyuta na ukawa unakufuata: ukipata swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, unapewa jepesi. Mwaka 1999 insha zikaanza kusahihishwa na binadamu mmoja na programu moja ya kompyuta. Wakitofautiana sana, anaitwa binadamu mwingine kuamua.

Mwaka 2012 insha moja ikaondolewa kupisha sehemu ya kusoma majedwali na takwimu. Mwishoni mwa mwaka 2023 likaja toleo jipya ambalo halina insha kabisa, na toleo la zamani likafungwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Kwa hiyo kalamu iliingia mwaka 1994 na kutoka baada ya miaka 30 hivi.

Kilichoniuma zaidi ni kingine kilichotoka nayo. Kulikuwa na sehemu ya kusahihisha sentensi: unapewa sentensi ya Kiingereza iliyopigwa mstari, unachagua namna bora kati ya tano. Kwetu sisi ambao Kiingereza tulikutana nacho darasani na si jikoni, sehemu hiyo ilikuwa kigingi. Mwenzangu wa dawati la uchumi aliijaza penseli kuliko kurasa nyingine zote. Amezunguka, amefuta, ameandika tena. Katika toleo jipya sehemu hiyo haipo. Kwa miaka mingi watu kama yeye walipimwa kwayo, kisha wenye mtihani wakaona wanaweza kuishi bila hiyo. Ikiwa inaondoleka, basi haikuwa nguzo ya nyumba. Nani atamrudishia usiku wake?

Sitaki mdhani watahiniwa ni malaika. Penye mlango mwembamba pana watu wa kuruka ukuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Marekani lilifichuliwa genge la mamluki waliofanya mamia ya mitihani kwa niaba ya wengine, GMAT ikiwemo. Mwaka 2008 mahakama ya huko iliamuru tovuti moja iliyouza maswali halisi ya mtihani ilipe zaidi ya dola milioni 2.3, na watahiniwa 84 wakafutiwa alama. Siku hizo hizo vituo vikaanza kukagua mishipa ya damu ya kiganja ili kuhakikisha aliyekaa ndiye aliyejiandikisha. Sisi tulizoea kudesa kwa karatasi ndani ya soksi, wenzetu wamefika kwenye mishipa!

India nako, ile ile iliyosubiri miaka 67, ina mtihani wake mkubwa wa shule za biashara, unaitwa CAT, wa kuingilia taasisi za IIM. Zile za kwanza, Kalkuta na Ahmedabad, zilianzishwa mwaka 1961. Novemba 2003 mtihani huo ulivuja. Watahiniwa zaidi ya 100,000 wakaambiwa kwamba kazi yao imefutwa, wakaufanya upya Februari 2004. Mwaka 2009 ukahamishiwa kwenye kompyuta, na siku za mwanzo mashine zikashikwa na virusi, baadhi ya watu wakashindwa kuufanya na kupangiwa tarehe nyingine. Wasomaji wangu waliowahi kuamka asubuhi ya mtihani na kusikia redioni kwamba mtihani umevuja, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Je, shule zenyewe zinauamini kiasi gani? Inategemea mwaka. Harvard, moja ya waanzilishi, iliacha kuudai katikati ya miaka ya 1980 na kuurudisha katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2009 ikatangaza kupokea pia mtihani mwingine, GRE. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, shule nyingi za biashara ziliwasamehe waombaji mtihani kwa muda. Dunia haikuanguka. Kisha baadhi zikaanza kuudai tena.

Wapo wanaosema ufutwe kabisa. Mimi, kijana wa gazeti asiye na mjomba London wala Boston, naogopa kidogo nikisikia hivyo. Ukiondoa mtihani hubaki na haki, hubaki na barua za mapendekezo, jina la chuo, safari ulizosafiri, na insha ya maombi ambayo mwenye fedha humlipa mtu aiandike. Tunarudi kwa wajomba wa kabla ya 1855. Lakini wapo pia wanaosema alama ndiyo akili yenyewe, anayeshindwa ameshindwa kwa sababu hafai. Hao nao nimewachoka. Wamesahau London, wamesahau besiboli, wamesahau wale wanawake wanane.

Msimamo wangu ni huu. Mtihani ubaki, lakini tuukague kama tunavyokagua mkataba wa serikali. Unafanyikia wapi? Unagharimu kiasi gani? Unapima kazi, au unapima nyumba uliyozaliwa? Na baada ya kufaulu, nani bado anazuiwa?

Tangu mwaka 2020 GMAT unaweza kuufanya nyumbani, kwa kompyuta yako, chumba kitupu, kamera imewashwa. Nilipoisoma habari hiyo nilishangilia, meli ya kwenda London imekufa! Kisha nikakumbuka mtaa wangu. Ada imevuka dola 200, na hiyo ni fedha ya kujinyima miezi kadhaa. Umeme ukikatika katikati, au intaneti ikisinzia, utamweleza nani? Chumba kitupu nitakipata wapi, sisi tunalala watatu? Kwa hiyo meli bado ipo, ila sasa inaitwa intaneti isiyokatika.

Jana usiku nilimjibu mama. Nilimwambia mtihani huu uliwekwa na watu waliokuwa na lundo la maombi na hawakujua wamchague nani, na kwamba mimi nimo ndani ya lundo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi fanya, wakuone. Lakini wasipokuona, usidhani hupo."

Nimeomba kutumia ofisi ya rafiki yangu yenye jenereta. Tarehe nimeshaipanga, ni Jumamosi ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Mniombee umeme.